Kabari Niliyoigonga Chini ya Ngazi ya Kwaya

Aibu yangu ya Jumamosi imeshafika Mang'ula (shangazi kapiga simu kuuliza kama niliumia, na nyuma yake nasikia watu wanacheka), kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe, maana nikiwaachia wanakwaya wataiongezea chumvi.

Nianze na wivu, kwa sababu bila wivu nisingeingia chini ya ngazi. Baba yangu ni seremala hapa Ifakara, na tangu mwaka jana ana fundi msaidizi, Dada Sabina, katoka Malinyi na cheti chake cha ufundi na mikono isiyotetemeka. Walipopewa kazi ya ngazi ya roshani ya kwaya kanisani kwetu, mezani nyumbani ikawa Sabina tu. Sabina kachimba mifereji kama kaikata kwa wembe. Sabina ana jicho. Mimi nimekaa hapohapo nachambua mchele, na hakuna anayesema kama nina jicho au sina.

Ngazi ile si ya misumari. Mbao mbili nene za mtiki zinazosimama ubavuni zimechimbwa mifereji kwa mashine, kila kikanyagio kinachomekwa kwa nyuma kwenye mfereji wake, unapaka gundi, halafu unagonga kabari mpaka kibane. Na baba ana desturi yake: anayegonga kabari ya mwisho ndiye anayepanda wa kwanza, na baba anasimama chini kumtazama. Tangu mdogo nilijua siku moja nitakuwa mimi. Jumamosi akasema, "Sabina, ya mwisho ni yako." Kisha akanigeukia. "Tekla, wewe subiri wenzako wa kwaya, usije ukachafua sare."

Sare yenyewe ni gauni jipya la kitenge cha kijani, refu mpaka chini (tuliambiwa tuje nalo mazoezini, mwalimu wa kwaya aone kama magauni yote yamelingana).

Baba na Sabina wakaenda kunywa chai kwa katekista. Ngazi imesimama, kabari moja iko sakafuni, gundi ipo, nyundo ipo. Nikasema nitaigonga, nitapanda, baba akirudi anikute juu. Nikaingia chini, nikachuchumaa, nikapaka gundi, nikagonga, kila pigo nataja jina la Sabina (kimoyomoyo, nilikuwa kanisani). Kabari ikazama vizuri sana. Nilipotaka kutoka, gauni likakataa. Pindo lilikuwa limelala mdomoni mwa mfereji na mimi nimelizamisha pamoja na kabari. Nikavuta, kitenge kikaanza kulia, nikaacha, maana ndani nilivaa taiti yenye tundu, haikuwa ya kuonwa na watu.

Hapo ningeita mtu yakaisha. Lakini kwaya ndiyo ilikuwa inaingia, na mimi hata kujibu swali darasani naogopa, basi nikanyamaza, nikijua wataimba, watashuka, wataondoka. Walivyoona ngazi imekamilika wakapanda. Ule upandaji wa kwanza nilioulilia wivu akauchukua Kosmas wa besi, ambaye hata hakutazama alipokanyaga.

"Tekla yuko wapi?" mwalimu wa kwaya akauliza huko juu.

"Nilimwona anaingia," akajibu Yustina.

Wakaanza bila mimi. Sauti ya pili ikapotea palepale, maana tunaishika mimi na Yustina, na Yustina akiwa peke yake hufuata sauti ya kwanza. Wakarudia, ikapotea tena, mwalimu akaanza kumsema Yustina mpaka nikasikia anavuta kamasi. Waliporudia tena, sijui nini kilinipata, nikaimba. Sauti ya pili kamili, kutoka chini ya ngazi.

Kwaya ikanyamaza.

"Nani huyo huko chini?" mwalimu akauliza.

"Ni mimi, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Nimebanwa."

Wakashuka wote, wakawa wanainama kwa zamu kunichungulia kama kuku anayeatamia. "Kumbe ngazi imekuja na mtu wake," akasema Kosmas. Baba na Sabina wakawakuta hivyohivyo.

Baba akachuchumaa, akaangalia kabari kabla ya kuniangalia mimi. "Sabina, itoe."

Sabina akaingia na patasi, tukawa uso kwa uso. "Ilikuwa yangu, Tekla," akasema polepole, wengine wasisikie. Akaijaribu, akamwambia baba, "Fundi, gundi imeshika. Nikiitoa napasua ubavu."

"Pasua. Gauni la mtoto ni jipya."

Sabina akautazama ule mfereji wake. Nikasema, "Ikatwe nguo." Mwalimu akasema nina moyo mzuri, lakini msinisifu, nilitaka tu kabari yangu ibaki.

Sabina akalikata pindo kwa patasi, nikatoka kinyumenyume. Baba akawasogeza wanakwaya pembeni. "Hiyo ya Kosmas haihesabiki," akasema. "Sabina, panda." Sabina akapanda, baba anamtazama kila hatua, na mimi nimesimama nyuma nimeshikilia gauni kwa mikono miwili.

Nimeapa kwamba sitagonga tena kabari nikiwa nimevaa gauni. Kuhusu wivu sijaapa chochote. Jumapili nilipanda wa mwisho kabisa, sare fupi upande mmoja, na nilipofika kwenye kikanyagio changu nikakikanyaga kwa nguvu kuliko vyote. Hakikulia hata kidogo.