Nilivyopita milima ya Musandam na sufuria ya mchuzi wa biriani mapajani

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini.

Mimi humu huwa nasoma tu na kuondoka kimya kimya. Leo acha na mimi niweke langu. Ni kweli tupu, sijaongeza chumvi. Chumvi iliyomo humu aliitia mtu mwingine, mbele huko mtaona.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa ndani. Wengine wana jina zuri la kizungu kwa hali hii, mimi naita uvivu.

Nilizaliwa Singida, nikamaliza form four, nikazunguka zunguka, nikajikuta Dubai nikiwa security wa jengo moja pale Al Mankhool. Miaka hiyo metro ilikuwa bado mashimo tu barabarani. Off yangu ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa yangu ilikuwa kitanda. Nilikuwa na miaka miwili pale na Deira, ng'ambo tu ya maji, nilifika mara moja tu, tena nilipelekwa na kampuni kupimwa afya.

Chumbani tulikuwa sita. Mmoja wao, Shikuku, Mkenya wa Kakamega, alinipa jina la Kabati. Yaani fenicha. Watu wanatoka, wanarudi, Kabati lipo.

Sasa ghorofa ya kwanza ya jengo letu aliishi Bi Zuwena. Mzanzibari, mtu mzima, amekaa Dubai tangu enzi ambazo kwa maneno yake "hapo uliposimama wewe na kofia yako palikuwa mchanga". Mimi nambebea mizigo yake ya sokoni, yeye ananishushia kachori na vitumbua. Tukaishi hivyo.

Jioni moja akashuka mpaka kwenye meza yangu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ijumaa hii una shughuli gani?"

"Kupumzika, bibi."

"Umechoshwa na nini, kukaa?"

Akavuta kiti, na mtu mzima akivuta kiti ujue ndiyo umekwisha.

Akanieleza. Mdogo wake, Bi Nunuu, aliolewa Musandam, ile ncha ya Oman iliyochomoza juu kabisa, baada ya Ras al Khaimah, mwisho wa Emirates. Kijiji chake kiko ndani ya milima ambayo bahari imeingia katikati. Barabara haifiki, unakwenda kwa boti. Wawili hao hawakuwa wameonana tangu mama yao alipofariki Unguja.

Sasa binti wa Bi Nunuu alikuwa anaolewa Ijumaa ile. Na Bi Nunuu alikuwa ameomba kitu kimoja tu kwenye simu. Hakutaka dhahabu wala vitambaa vya Bur Dubai. Alitaka mchuzi wa biriani wa mama yao. Marehemu alimfundisha mtoto wa kwanza peke yake, mwingine yeyote akipika hautoki vile.

"Kasema anataka mwanawe aolewe na mama yupo," Bi Zuwena akasema. Hapo alikuwa hanitazami.

Mimi kwa ujuaji wangu nikauliza, kwani asiende akapikie huko huko?

"Nipike kwenye jiko la watu? Na vitunguu vya watu? Ukiharibika nimwambie nini mdogo wangu? Mchuzi huu hupikwa leo ukalala ndani ya sufuria yake. Wali watapika wao. Mie nataka mapaja tu."

"Mapaja?"

"Ya kupakatia sufuria. Njia ile kona tupu. Mwanangu Nassor anaendesha, mkewe mjamzito, wajukuu wote wanatapika garini. Wewe nimekutazama miaka miwili, hujui kutikisika."

Wakuu, nilikuwa sijawahi kusifiwa kwa kipaji changu hivyo. Nikakubali.

Shida ikawa passport. Wakati ule passport zetu zilikaa ofisini kwenye droo ya madam wa kampuni, na ukienda kuiomba maana yake ni mbili: msiba au unatoroka.

"Why you need?" madam akauliza.

Nikamwambia nakwenda kutembea. Akanitazama juu mpaka chini. Aliijua rekodi yangu.

"You? Walking?"

Akanipa siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, khalas, basi. Akaniambia nisipoonekana Jumapili asubuhi ataripoti. Nassor akashughulikia mambo ya viza.

Habari ikafika chumbani kabla yangu. Shikuku alikuwa ameshahamishia mto wake kitandani kwangu. "Kabati, wewe tuambie ukweli tu. Unahepa? Ni sawa, hatutasema. Lakini hii bed ni yangu." Niliapa mpaka nikachoka. Wakanipa mikono ya kwaheri.

Ijumaa baada ya alfajiri tukaondoka na Pajero ya Nassor. Bi Zuwena nyuma na baibui lake na mkoba wa nguo za harusi. Mimi mbele, taulo mapajani, na juu yake lile lisufuria. Nasema lisufuria kwa sababu ningeweza kuogea ndani. Kifuniko kilikuwa kimezibwa kwa unga uliokandwa kuzunguka ukingo wote, mvuke usitoke.

"Kifuniko hicho anafungua Nunuu kwa mkono wake," Bi Zuwena akatangaza. "Si wewe, si shetani."

Barabara mpaka Ras al Khaimah ni nyoofu, nikajiona fundi. Tukafika mpakani.

Askari wa upande wa Oman, jamaa mnene mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri, akaangalia passport, akaangalia sufuria. Akaongea Kiarabu na Nassor, akionyesha kidole kifuniko. Anataka kifunguliwe.

Hapo ndipo nikafanya kosa ambalo sisi wa Dubai hulifanya kila siku. Ukiwa kule unasahau kwamba Kiswahili ni lugha ya watu. Unakigeuza ukuta wa kujifichia. Nikamwinamia Nassor nikasema kwa kujiamini kabisa:

"Huyu kwa kitambi kile, akifungua tu, harusi imeishia hapa."

Askari akakunja passport yangu taratibu.

"Kitambi changu kimekukosea nini, ndugu yangu?"

Kiswahili cha Unguja, wakuu. Kisafi kuliko changu!

Nassor alikuwa anajua. Nusu ya Oman wana shangazi Unguja, yeye hilo analifahamu tangu utotoni, na alikaa kimya makusudi. Mpaka leo hajaniomba radhi.

Nikawaza nimeshaharibu, mchuzi utarudishwa, Bi Nunuu atangoja ufukweni hadi jioni, kisa mdomo wangu. Bi Zuwena akashusha kioo.

"Mwanangu, msamehe huyo, wa bara. Wewe mama yako wa wapi?"

"Ng'ambo, bibi. Kazaliwa Ng'ambo, Unguja mjini."

"Basi unajua hiki ni nini. Mdogo wangu anaozesha leo. Kifuniko hiki anafungua yeye."

"Bibi, na mimi nina kazi yangu. Nitajuaje kilichomo?"

"Pua unayo."

Basi askari wa watu akainama dirishani akaweka pua pale kwenye unga, mapajani kwangu, akavuta pumzi. Akafumba macho. Foleni nyuma yetu wanapiga honi, yeye kafumba macho tu.

Aliposimama alikuwa mtu mwingine kidogo.

"Piteni, bibi. Mkono wa heri." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mchuzi huu ukimwagika, tafuta mpaka mwingine wa kurudia."

Kutoka hapo, wakuu, dunia ikabadilika. Kushoto bahari ya kijani, karibu kiasi kwamba unaweza kutema mate ndani. Kulia mlima umesimama kama ukuta wa ghorofa ambalo mafundi walisahau madirisha. Barabara imejibana katikati, kona juu ya kona. Mbuzi wamesimama juu ya majabali wanatutazama kama sisi ndio tumepotea njia.

Hayo yote niliyaona kwa vipande, juu ya kifuniko. Kila kona Bi Zuwena anaita kutoka nyuma: "Kulia!" nami naegemea kulia na sufuria. "Kushoto!" naegemea kushoto.

Khasab, mji wa bandari ambako barabara inaishia, tukapata boti ya mpwa wa bwana harusi. Ya plastiki, nyembamba, ina injini inayopiga kelele kuliko ukubwa wake. Mimi ni mtu wa Singida. Maji mengi niliyowahi kupanda juu yake ni ya abra, vile viboti vya kuvusha watu pale Creek, na hapo nilifumba macho.

Nikakaa chini kabisa sakafuni, sufuria katikati ya miguu, nimeikumbatia kama mama anayenyonyesha.

Tukaingia ndani. Sijui niwaelezeje. Milima inaingia baharini moja kwa moja bila hata kuaga, maji yanakata kona katikati yake, unadhani njia imeisha, mara inafunguka nyingine. Maji yametulia kama chai. Hakuna mti. Hakuna sauti isipokuwa injini yetu inayorudi kutoka majabalini. Mara nyumba tano sita chini ya mlima, boti moja imefungwa, basi. Kijiji hicho. Hata maji ya kunywa wanaletewa.

Nikawaza, hawa ndio watu wangu. Hawa hawatoki kabisa.

Ghafla mwenye boti akaanza kupiga miluzi na kuongeza moto. Pomboo! Watatu, kisha wengi, wanaruka ubavuni mwetu. Bi Zuwena, mtu mzima yule, akasimama anapiga vigelegele. Boti ikalala upande. Sufuria ikaanza kunitoka.

Niliilalia, wakuu. Nilijitupa juu yake kifua kizima. Unga ukapasuka upande mmoja, harufu ikatoka, na mafuta kidogo yakaingia kwenye shati langu jeupe la pekee.

"Umemwagika?" Bi Zuwena akapiga kelele. Pomboo wote alishawasahau.

"Umeingia shati tu, bibi!"

"Hasara ya shati nitailipa. Usiinuke hapo!"

Nikafika kijijini kwa tumbo.

Bi Nunuu alikuwa ameingia majini mpaka magotini, na gauni lake la sherehe mwilini. Walishikana wale wawili, tukabaki tunatazama milima kwa adabu. Kisha sufuria ikawekwa juu ya jiwe. Bi Nunuu akabandua unga kwa kucha, akafungua, akachovya kidole, akaonja.

Wanawake wote ufukweni wakasogea. Mimi na shati langu tukasogea pia.

"Chumvi imezidi," Bi Nunuu akasema.

Nilitamani kurudi majini.

Halafu uso wake ukavunjika, anacheka machozi yakimtoka. "Imezidi, dada. Kama ya mama."

"Alikuwa hakubali!" Bi Zuwena akajibu, naye analia. "Maisha yake yote, hakubali!"

Vigelegele vilivyopigwa pale, milima ilivirudisha mara mbili. Biriani nilikula sahani ngapi hayo hayawahusu.

Kesho yake wakati wa kurudi nikasema sasa sufuria tupu, nitaangalia dunia vizuri. Lakini kwa watu wale chombo cha mtu hakirudishwi kikiwa kitupu. Bi Nunuu aliijaza papa mkavu mpaka juu, akafunga kwa kanga, akaniwekea mapajani yeye mwenyewe.

"Asante, baba. Mikono yako ina imani."

Mpakani yule askari alikuwepo. Akanusa, akakunja uso, akacheka peke yake, akagonga muhuri.

Jumapili asubuhi nikamrudishia madam passport. Akarudi nyuma hatua moja. "You went where? Fish market?" Chumbani Shikuku alikuwa amelala kitandani kwangu, hoi. Nilimwamsha kwa kumwekea kipande cha papa karibu na pua. Kitanda nilikipata. Jina la Kabati likafa siku hiyo, wakaanza kuniita Jiko, kwa harufu niliyorudi nayo.

Nilichojifunza: nilidhani kukaa ndani ni kujihifadhi, kumbe nilikuwa nimejiziba kwa unga kama sufuria ile. Mimi bado mtu wa ndani, msinitegemee sana. Ila siku hizi mtu akivuta kiti mbele yangu, nauliza tu tunaondoka saa ngapi.

Wenzangu mliopita njia ile ya Khasab mseme kama nimedanganya. Na mwenye dawa ya kutoa mafuta ya biriani kwenye shati jeupe, aweke hapa. Shati ninalo bado, sijalifua kwa nguvu sana.