Njia ya Ng'ombe Katikati ya Uwanja

Vijana wa Garsen walipomaliza uwanja wao mpya kiangazi hiki, walinijia nyumbani na jezi zinazong'aa, wakaniomba nikasimulie habari za klabu yetu ya zamani siku ya kuufungua. Nilikataa kwanza ili waniombe tena. Ni tabia yangu mbaya. Napenda kubembelezwa, na tangu kiwanda cha pamba kife hakuna anayenibembeleza kwa jambo lolote.

Klabu ilikuwa ya kiwanda hicho. Sisi ndio tuliokuwa wa kwanza huku kwetu mtoni kulipwa kwa kucheza mpira. Wenzetu waliobeba marobota walinung'unika kwamba tunalishwa na miguu, lakini siku ya mechi walikuwa wa kwanza kufika. Watu walitoka Wenje na Ndera, wengine hata Kilelengwani. Mimi nilikuwa beki wa kulia, na sikuwa mzuri kama ninavyowaambia wajukuu.

Wengi wetu tulikuwa Wapokomo, watoto wa mashamba ya mtoni. Kipa alikuwa Muorma, mtoto wa wafugaji, mrefu, na viganja vipana kama sinia. Uwanja wetu ulikatwa katikati na malka, ile njia ambayo ng'ombe wa nyikani huteremkia mtoni kunywa wakati wa kiangazi. Njia ilikuwapo kabla ya kiwanda na kabla ya magoli. Kwa hiyo tulikuwa na sheria yetu wenyewe: ng'ombe wakitokea, refa anapuliza kipenga, mpira unashikwa, na sote tunasimama kando mpaka wa mwisho apite. Kipa wetu alikuwa akiacha lango na kwenda kusaidia kuwaswaga, akipiga mluzi wa kwao.

Timu moja ngeni ilidhani tunawafanyia mzaha. Kipa akiwa bado katikati ya ng'ombe, wakautia mpira wavuni, na refa waliyekuja naye akalikubali bao. Tukatolewa kwenye kombe tulilolitamani kuliko wachumba wetu. Tulirudi tumenuna, lakini hakuna aliyemlaumu kipa. Kocha, Mpokomo asiye na hata ndama, alisema tu, "Mpira una kesho. Ng'ombe mwenye kiu hana kesho."

Baadaye pamba ikaporomoka, kiwanda kikafungwa, na klabu ikafa bila hata kuagwa. Kila mtu akarudi kwao, mimi kwenye migomba yangu, kipa nyikani kwa mifugo yake. Hatukuonana tena.

Hayo ndiyo niliyoyasimulia kwenye kipaza sauti, mbele ya wageni waalikwa na viti vya plastiki. Uwanja ni ule ule wa zamani, ila vijana wameuzungushia seng'enge na kuupanda nyasi. Nilipofika kwenye maneno ya kocha, watu walipiga makofi, na papo hapo nikaona vumbi upande wa nyikani. Ng'ombe walikuwa wamesimama nje ya seng'enge, mbavu zinahesabika, vichwa vimeelekea mtoni. Mbele yao alisimama mzee mrefu ameegemea fimbo. Nilimtambua kwa viganja kabla sijamtambua kwa uso.

Seng'enge ile nilikuwa naipita kila niendapo sokoni, na niliisifu. Niliwaambia vijana kwamba wamejenga kitu cha maana. Haikunijia hata mara moja kujiuliza ng'ombe watapita wapi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye shamba ukingoni mwa mto hajui kiu.

Nilimwinamia mwenyekiti wa vijana nikamnong'oneza, "Mwanangu, fungueni geti wale wapite."

"Mzee wetu, nyasi ni za juzi tu," akasema. "Wakipita hapa tumeisha. Si wazungukie kule juu?"

Kule juu ni mwendo wa nusu siku, na nilijua kwamba baadhi ya ng'ombe wale hawangefika. Kipaza sauti nilikuwa nacho mkononi. Neno moja tu lingetosha, maana umati wote ulikuwa umetoka kulipigia makofi jambo lile lile. Lakini mgeni wa heshima alikuwa ananitazama huku anatabasamu, nami nilipenda kutazamwa vile. Nikasema asanteni sana, nikaketi. Wahenga wanasema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mimi sikuchutama. Nilishangiliwa, nikapewa chupa ya maji baridi ya wageni.

Niliona haya hata kunyanyuka, lakini nikanyanyuka, nikaenda mpaka kwenye seng'enge.

Waorma hawaanzi na shida. Wanaanza na amani, unauliza kimoja baada ya kingine, na jibu ni amani hata kama nyumba imeungua. Aliniuliza mke wangu, watoto, shamba. Nikajibu amani, amani, amani. Ikawa zamu yangu. Nikauliza nyumba yake, nikauliza watoto, kisha nikakwama, kwa sababu salamu ya mfugaji haiishi bila kuuliza mifugo. Yeye akanisubiri kwa adabu, kama vile tuna siku nzima.

"Ng'ombe, amani?" nikauliza.

"Amani," akasema. Nyuma yake mmoja alikuwa amepiga magoti na hainuki. "Mimi nasikia wewe kwa hiyo spika. Hadithi yetu umesema vizuri sana, ndugu yangu."

Akapiga mluzi, ule ule wa zamani, akaanza kuwageuza warudi walikotoka. Nilibaki pale mpaka vumbi lilipotulia, chupa ya maji nimeificha nyuma ya mgongo, nimeishika kwa mikono miwili.