Kiondo cha Syombua Chafika Kambu

Niliondoka nyumbani Tulia nikiwa na hasira, na sababu yenyewe ni simu kutoka Nairobi. Nilikuwa kwenye cherehani nashona sketi za shule, mhariri aliyekuwa anasoma hadithi yangu ndefu akanipigia. Akasema lugha ni nzuri, nchi niliyoibuni ni nzuri, jitu linatisha inavyotakiwa, ila shujaa hafai.

"Mama Mwende, shujaa wako ni mama wa makamo, goti bovu, anaogopa giza, kazi yake kupika muthokoi. Nani atamfuata huyo safari nzima? Mpe kijana upanga, halafu tuongee."

Akanipa mpaka mwisho wa wiki. Nikikataa, hakuna kitabu.

Kwa asiyemjua, Syombua wangu ni mwanamke wa nchi ambayo mvua yake imefungiwa ghalani na eimu, lile jitu tulilotishiwa nalo sote utotoni. Wapiga mishale wamekwenda kumkabili wala hawakurudi. Anabaki Syombua. Anapika muthokoi, yale mahindi yake yaliyokobolewa, anajaza kiondo, anafunga goti kitambaa, anaondoka. Nampenda kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwandika. Nimesoma hadithi nyingi za nchi zisizokuwepo, na zilizonikaa moyoni ni zile zilizomtuma mtu ambaye hakuna aliyemtarajia: mpishi, kitindamimba, mchungaji wa mbuzi wa wenyewe. Hata sungura wa bibi yangu hakumshinda simba kwa misuli. Lakini mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na kisu kilikuwa Nairobi.

Dada yangu mkubwa, Kalunde, anaishi Kambu, kule barabara ya Mombasa. Yeye na wanawake wenzake husuka viondo na kuwauzia wasafiri, na kwa muda mrefu alikuwa ananiita nikawasomee. Nikaamua niende. Nikajiambia kwamba wakisinzia, nitampa kijana huo upanga.

Kitui mjini nilifika asubuhi na kiondo changu kimejaa asali na ndengu. Mutua, mume wa binamu yangu, alikuwa anapeleka lori la ndengu Mombasa, akanikaribisha mbele. Kabla hatujatoka mjini alishajua hadithi yote.

"Sasa huyo mama hana hata panga?" akauliza.

"Ana mwiko."

Akacheka mpaka nikaogopa tutaingia mtaroni. "Na huyo eimu, ni mkubwa kiasi gani?"

"Akiketi, mabega yako juu ya paa la ghala."

"Na mwiko," akasema Mutua, akatikisa kichwa. Mtu akimcheka Syombua mimi huona amenicheka mimi.

Mutomo tulinunua ndizi, tukaendelea. Zamani ukipita njia hii kwenda Kibwezi ulifika huna rangi, umekuwa vumbi tupu. Leo ni lami, na lori letu lilikuwa linakwenda bila kulalamika. Nilitazama mashamba ya ndengu na mtama, matuta yaliyochimbwa kwa mikono kupanda na kushuka vilima vyote, nikasikia fahari. Watu husema Ukambani ni kukavu, na ni kweli, lakini hawasemi ni nani aliyechimba matuta yale.

Baada ya Ikutha, uwanda wa Yatta ulitokea mbele yetu, mrefu, umenyooka juu kama meza, huoni mwanzo wala mwisho wake. Huo ndio ukuta wa nchi ya eimu katika hadithi yangu. Niliuona nikiwa msichana, nikimsindikiza Kalunde kuolewa, na sikuusahau. Waandishi wengine hubuni milima yao. Wangu upo, na malori yanaupanda. Nilimwonyesha Mutua mahali Syombua alipopita usiku akiimba nyimbo za kanisani ili asisikie giza. Hakucheka tena. Akapunguza mwendo, akachungulia.

"Hapo kwa hilo goti?" akauliza. "Huyo mama ana roho."

Kambu tulifika alasiri, malori yamejipanga kando ya barabara na moshi wa mahindi ya kuchoma kila mahali. Kalunde alinipokea kiondo, akapima uzito wa asali kwa mkono, akafurahi. Kesho yake, ibada ya akina mama ilipokwisha, tulibaki ukumbini kanisani. Kila mmoja alikuwa na mkonge wake mapajani anasuka. Nikafungua karatasi zangu, nikasoma.

Hakuna aliyesinzia. Syombua alipofunga goti lake, Kalunde alinong'ona kwa sauti ya kusikika na wote: "Huyu mbona anatembea kama wewe?" Wakacheka. Eimu alipofungua mlango, mikono yote ikasimama. Nikasoma mpaka mwisho: Syombua anaacha kiondo cha muthokoi mlangoni, eimu anakula, anashiba, analala, naye Syombua anaingia ghalani, anachota mvua kwa kibuyu na kukimbia nayo nyumbani.

Nikangoja makofi. Hayakuja. Mama Wambua, ambaye ana hoteli ya madereva pale kituoni, aliweka usukaji wake chini.

"Na kiondo?" akauliza.

"Kiondo gani?"

"Ile alipeleka na chakula."

"Kilibaki mlangoni kwa eimu."

"Ilibaki." Akawatazama wenzake. "Mama Mwende, huyu Syombua ni Mkamba ama alitoka wapi? Umepelekea mtu chakula, unawacha kiondo yako huko, unarudi ukikimbia? Na huyo eimu amekula ameshiba, anakaa tu na kiondo ya wenyewe?"

"Mama Wambua, ni jitu."

"Hata kama ni jitu. Alikula. Kiondo hairudi tupu."

Ukumbi mzima ukaitikia. Kalunde akaniambia, "Hata hiyo yako ya asali, unafikiri utaenda nayo tupu?"

Nilikuwa nimemfanya Syombua mwizi, na watu hawa hawakumkubali kwa wizi. Lakini goti na woga vilikuwa havijalaumiwa, nikauliza mwenyewe. Nikawaambia mhariri anataka kijana mwenye upanga.

"Si wale wa mishale walikuwa vijana?" Mama Wambua akasema. "Wako wapi? Huyo mwingine ataongezeka tu."

"Na giza? Shujaa anaogopa giza."

"Mimi hufungua hoteli kukiwa bado giza. Kila siku naogopa. Na chai inapikwa."

Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nikaomba kalamu, maana yangu ilikuwa imeisha wino.

Asubuhi iliyofuata, mezani kwa Kalunde, niliandika mwisho mwingine. Syombua anaweka chakula mlangoni na kurudi nyumbani mikono mitupu, watu wanamcheka. Eimu anaamka ameshiba. Anakiona kiondo. Anakitupa nje, anakifuata, anakirudisha ndani. Anazunguka akitafuta cha kutia, na katika nyumba yake yote hana kitu ila mvua. Basi anaitia humo, anakibeba mwenyewe, anaivuka Yatta, anainama mlangoni kwa Syombua. Nililia nikiandika, wala sioni haya kusema.

Safari ya kurudi nilikaa kiondo kikiwa magotini, kimejaa maembe na mkonge uliosokotwa. Migwani nilishukia kwenye duka la kompyuta ili hadithi iende Nairobi siku hiyohiyo. Mimi nilisoma, msichana wa duka akapiga chapa, tukafika pale Syombua anaporudi mikono mitupu. Nikaogopa stima itapotea, maana mji wetu tunaujua, nikamwambia atume iliyokuwepo, na juu yake aandike: shujaa wangu habadiliki. Akatuma. Stima ikapotea.

Nilifika Tulia nikiwa na fahari na woga kwa pamoja. Safari ilikuwa imenifundisha kwamba shujaa hahitaji kutisha. Anahitaji watu wanaotaka arudishiwe chake. Lakini kitabu sasa kilikuwa mikononi mwa mtu mmoja, tena nusu.

Jioni ya pili simu ililia. Mhariri.

"Mama Mwende, nimesoma mpaka pale ulipoishia."

Nikasimama, nikangoja habari za upanga. Akakohoa. Yeye ni mtu wa Murang'a, na kwao pia wanasuka viondo.

"Sasa niambie," akasema. "Huyo eimu alirudisha kiondo na nini?"

Nikaketi. Nikamwambia angoje, stima ikirudi Migwani atajua.