Pua ya Poongodi

Msomaji, ungekubali kushuka shimoni kwa kuamini pua ya mwenzako?

Asubuhi, katika kiwanda kimoja cha ngozi mjini Vaniyambadi, kusini mwa India, Poongodi anachomeka maua ya yasmini nyweleni, anapandisha sari na kusimama kando ya shimo la majitaka. Maji hayo yana chumvi ya kuhifadhia ngozi, na gesi inayonuka kama yai viza. Gesi hiyo huua mtu kabla hajapiga kelele.

Tangu mwaka jana kuna pipa jipya. Humo maji ya shimo hukorogwa na mafuta yaliyobeba vitone vya magadi makali. Gesi hupenya mafuta ikanaswa na magadi. Chumvi hubaki nje. Mchanganyiko ukiwa mzima huwa mweupe kama mtindi. Ukipasuka, sumu hurudi majini.

Poongodi hulinda pipa, tena hunusa shimo kabla watu hawajashuka kuzoa manyoya yaliyotoka kwenye ngozi. Kipimo cha gesi kiliharibika zamani. Kwa kazi hiyo mjane huyu hupata rupia elfu kumi na moja kwa mwezi, na binti yake anasomea uuguzi.

"Pua ya dada haikosei," hutamba msimamizi, Thangavel.

Leo Irfan, mzoaji, ameshavua viatu, koleo mkononi.

"Dada, nusa upesi, chai inapoa!"

"Inapoa chai au mchumba?"

Wanacheka. Poongodi anainama, kisha anatazama kidirisha cha kioo cha pipa. Weupe umekatika, mafuta ya manjano yanaelea peke yake.

"Irfan, rudi. Pipa limeharibika."

"Pipa lina visa kila siku," anafoka Thangavel. "Mimi nauliza pua!"

"Pua haina kitu, kaka. Mwaka wa tatu huu sisikii harufu. Hata maua haya, muuzaji ndiye huniambia kama ni mabichi."

Koleo linamponyoka Irfan. Jana alishuka. Juzi pia.

"Dada! Nilikuwa nashuka kwa neno lako!"

"Pipa likiwa jeupe, nilisema salama. Niliogopa kufukuzwa."

"Na kabla pipa halijaja?"

Irfan anaketi chini.

Thangavel anakimbia kuazima kipimo kiwanda cha jirani. Kinashushwa kwa kamba, na hakijafika hata katikati kinaanza kulia, kinalia tu.

Wote wanarudi nyuma. Thangavel anajifuta jasho.

"Sasa dada, unataka nini?"

"Kipimo kama hicho, kikae hapa hapa. Na mimi mniachie pipa langu. Macho bado ninayo."