Mashine Iliyopata Joto Fundi Akija

Nilikuwa na hakika kwamba fundi anatuchezea. Mashine yetu ya kukausha nguo, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu katika mtaa unaoitwa Kenya, ilizunguka vizuri, lakini joto lilikuja na kupotea. Fundi akifika, ilikuwa moto kama jiko. Akiondoka, kesho yake mashuka yalitoka na unyevunyevu. Mashine gani inayojua nani amesimama mlangoni?

Kwa Mama halikuwa jambo la kucheka. Alikuwa anafua mashuka ya nyumba moja ya wageni huko mtaa wa Golf, na mara mbili yalikuwa yamerudishwa kwa sababu hayakukauka. Dereva wao alisema wazi kwamba mara ya tatu wangetafuta mfuaji mwingine. Mzigo uliofuata ungechukuliwa Ijumaa.

Mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu na tabia ya kudai ushahidi kwa kila kitu. Nikafungua daftari. Niliandika siku, nguvu ya umeme, wingi wa nguo, na pembeni herufi F kila fundi alipokuwepo. Majirani wote walilaumu umeme, lakini daftari lilikataa: umeme ulikuwa uleule siku mbaya na siku nzuri. Ilibaki F. Palipo na F, joto. Pasipo na F, baridi. Nikamwonyesha Mama, nikamwambia huyu mzee analegeza kitu makusudi ili tumwite tena. Akajibu kwamba yeye na fundi wanasali kanisa moja, na kwamba shule imeniharibu macho.

Nikatega mtego. Alhamisi nilimwita fundi bila kumwambia Mama. Alipoingia, mashine ilikuwa inazunguka na haina joto hata kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mashine kumkatalia mbele yangu. Nikasimama nyuma ya bega lake, nikiangalia vidole vyake.

Hakufungua hata skrubu moja. Aliweka kiganja mgongoni mwa mashine, kisha akatoka nje hadi pale bomba la hewa ya moto linapotoboa ukuta. Mdomoni mwa bomba lilikuwa limesokomezwa tambara la bluu.

Mama akatoka jikoni, akashtuka kumkuta mgeni katika uwanja ambao haujafagiliwa.

“Ni mimi niliweka,” akasema. “Malori ikipita, vumbi inaingia mu mashuka. Na iko meupe.”

Fundi akamweleza polepole kwamba hewa ya moto ikikosa njia, mashine hujikatia joto yenyewe isije ikaungua. Mimi nilikuwa nafikiria kitu kingine. Kila Mama alipojua fundi anakuja, alifagia uwanja, akaficha ndoo, akakusanya matambara yote, hata lile la bomba; fundi akiondoka, alilirudisha. Mgeni hapokelewi kwenye uchafu.

Tuliporudi ndani, fundi aliliona daftari juu ya mashine. Akafunua.

“Na hii F, njo nani?”

“Njo weye, Papa,” nikajibu.

Akapitisha kidole kwenye zile F, moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho. Nilisubiri matusi. Aliomba kopo tupu la mafuta na mkasi. Akakata kifuniko cha bati, akakining’iniza mdomoni mwa bomba: hewa ikisukuma kinafunguka, mashine ikipumzika kinaanguka na kuzuia vumbi.

Ijumaa dereva wa Golf alikuja. Hakubeba mzigo mara moja. Aliingiza mkono kati ya mashuka yaliyokunjwa, akapapasa, akashuka hadi la chini kabisa, akarudia tena upande wa pili. Nilikasirika. Nilitaka kumuuliza kama anadhani sisi ni waongo.

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, mwenye daftari la F, mpaka mkono ule ulipotoka na dereva akaanza kupakia.