Mafuta Kwenye Mpira wa Shingoni: Safari ya Shimoni, Mpanda

Nilikwenda Mpanda kwa sababu sijui kukataa nikiwa mlangoni kwangu mwenyewe. Jirani yangu wa Dar, binti wa Mzee Masanja, alikuja analia: mdogo wake alitumbukia katika shimo la mgodi wa zamani akitafuta dhahabu. Shimo limejaa maji, ndoano za wanakijiji hazimfikii, na baba yao anataka mwili auzike. Mdogo wangu Zakayo ni mzamiaji bandarini, akakubali kwenda. Mimi nikajiongeza kama msaidizi, mwenye shahada, kitambi na woga wa maji.

Siku mbili tulizimaliza kwenye treni. Zakayo alinionyesha vazi lake la mpira, lile linalozuia maji yasiguse mwili. Ndani unavaa sweta. Maji ya shimo refu ni ya baridi, alisema, na baridi haina haraka ya kuua, kwanza inakupumbaza. Zipu aliipaka nta ya nyuki. Mpira wa shingoni, mwembamba kama puto, unaobana ili maji yasiingie, aliupaka poda tu. Nikauona umekauka kama kisigino changu. Tabora, alipokwenda kutafuta chai, nikaupaka mafuta ya mgando. Kabla ya Kaliua nikarudia. Nilidhani namfanyia hisani.

Siku ya tatu asubuhi, Mpanda. Mzee Masanja alitupokea stesheni, akatupeleka mtaa wa Makanyagio kwa nduguye. Tulikula ugali.

"Nyie wote mnakwenda chini?" aliuliza.

"Huyu anashika kamba, baba," Zakayo alisema. "Chini naenda mimi."

"Afadhali," mzee alisema, akiangalia kitambi changu.

Saa nne tulikuwa shimoni. Wanaume wa ukoo walisimama kando, na mzee alishika blanketi jipya la kumfunikia mwanawe. Zakayo alipogusa mpira wa shingoni, ulinata vidoleni.

"Kaka, kuna mtu kaugusa huu?"

Wanaume wote waligeuka kumtazama msomi kutoka Dar. Nikatikisa kichwa kukataa.

"Basi ni joto la behewa."

Aliingia majini mpaka mabegani, akangoja dakika kadhaa. Haukuvuja. Akatukumbusha: akivuta kamba mara tatu tumvute, tusianze kujadiliana. Akazama.

Kamba ilipita mikononi mwangu pole pole, ikasimama. Ikavutwa mara tatu.

Tulimtoa mpira ukiwa umechanika kutoka kidevuni hadi begani, vazi limejaa maji, miguu mizito kama magunia ya mahindi. Meno yalikuwa yakigongana, na vidole vilishindwa kufungua hata zipu.

"Umemwona?" mzee aliuliza.

"Nimeona kiatu, baba. Kimenasa kwenye nguzo ya mbao."

"Shuka tena, mwanangu. Si mbali."

"Nikishuka na vazi hili, mtawalilia wawili."

Mzee akalikunjua lile blanketi, akamfunika Zakayo, akambana vizuri kifuani. Akachota udongo kwa mikono miwili, akaumwaga kwenye maji. Ndugu zake wakafuata, mmoja mmoja. Mimi nikafuata mwisho. Hayo ndiyo yalikuwa mazishi.

Treni ya kurudi ilipoacha miti ya miombo nyuma, nilimwambia Zakayo kila kitu, mafuta ya Tabora na yale ya kabla ya Kaliua. Kwamba mafuta huozesha mpira wa aina ile, nimejifunza. Ningeweza kulijua kwa swali moja. Kwamba naweza kumwacha mdogo wangu azame ili nisiaibike mbele ya watu nisiowajua, hilo nimelijua bila kulitafuta.

Aliuchukua ule mpira uliochanika, akaukunja taratibu, nikaanza kutamani anitukane.

"Hukushuku hata kidogo?" nikauliza.

"Kamba si ulishika wewe, kaka? Nikikushuku wewe, nashukaje?"