Maziwa Yaliyopanda Mara Mbili

Binti yangu alipofikisha miaka minne, alikuwa anajua mambo machache kwa uhakika ambao hata mimi sina. Alijua kwamba maziwa hayanywewi kabla hayajapanda sufuriani mara mbili. Alijua kwamba mtu akitoka chooni hagusi chakula wala kikombe mpaka anawe kwa sabuni. Na alijua kwamba mama yake lazima apige mswaki ndipo na yeye apige, kwa sababu tulianza hivyo tangu alipoota jino la kwanza: yeye amesimama juu ya kigoda, mimi nimeinama, karai liko katikati yetu, tunatema povu kwa zamu.

Tabia hizi tulizipata kwa shida. Alipokuwa ndiyo kwanza ameanza kula, aliharisha mpaka macho yakaingia ndani, nikamkimbiza hospitalini nikiwa nimevaa ndala zisizofanana. Alipona. Muuguzi aliyetuhudumia hakunigombeza. Aliniuliza tu maji ya kunywa tunayatoa wapi, na maziwa huwa ninayafanya nini kabla ya kumpa mtoto. Tunaishi Noonkopir, hapa Kitengela, ambako maji ya kisima yana chumvi na yale matamu huletwa kwa mitungi juu ya mkokoteni. Mimi nilikuwa nikiyaamini yale matamu kwa kuwa ni matamu tu. Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuchemsha. Jirani mmoja alizoea kuniuliza kama kwangu kuna harusi kila siku, kwa jinsi jiko langu lilivyokuwa halipoi.

Nilijiwekea sharti jingine pia: sitampa mtoto kitu ambacho mimi mwenyewe sili. Huwezi kumlazimisha mtoto ale mboga ya managu huku wewe unakula chipsi. Basi nikaacha soda niliyokuwa nikinywa kila mchana kwenye kibanda changu cha nafaka, nikarudia uji wa wimbi na mboga za majani. Jioni tukawa tunarudi nyumbani kwa miguu, mkono wake ndani ya wangu. Mwanzoni nilimbeba nusu ya njia. Kufikia mwaka wake wa nne alikuwa anatangulia mbele na kuniambia niharakishe. Mgongo uliokuwa ukinisumbua tangu nijifungue ukaacha kuniuma, nami nikawa ninatembea kama mwanamke anayejua anakokwenda.

Ila kulikuwa na nyumba moja ambako sheria zetu zilikuwa hazijaingia, nayo ni ya mama mkwe wangu. Anaishi ng'ambo ya mji wa Kajiado, mahali ambapo gari hukuacha barabarani kisha ukakata mbuga kwa miguu. Mume wangu ni Mmaasai, mimi ni wa Murang'a. Kwa mama mkwe, maziwa hutoka kwa ng'ombe yakaingia kwenye kibuyu alichokifukiza mwenyewe kwa kijinga cha mzeituni wa porini, na hapo yanalala mpaka yagande. Hayapiti motoni. Tulipokuwa tukienda kumsalimia nilikuwa nikisema mtoto anapenda chai zaidi, na mambo yakaishia hapo.

Kisha mume wangu, anayefanya biashara ya mbuzi katika soko la mifugo la Kajiado, akanipigia simu kuniambia mama yake anaugua. Homa inakuja na kuondoka, viungo vinamuuma, usiku analowa jasho. Walimpima hospitalini wakakuta ni brucella. Daktari alimweleza kwamba ugonjwa huo hupatikana kwa ng'ombe na mbuzi, na mara nyingi mtu huupata kwa kunywa maziwa mabichi. Akampa dawa za kumeza kwa wiki kadhaa, akamwomba achemshe maziwa. Nikafunga kibanda, nikamchukua binti yangu, tukaenda kumuuguza.

Dawa alizikubali. Maziwa akakataa. Aliniambia kwamba mama yake alikunywa hivyo na bibi yake alikunywa hivyo, na kwamba maziwa yakishachemshwa yamekufa, hayafai kitu ila chai. Mke aliyetoka kwa watu wengine haingii boma la Wamaasai kuwafundisha maziwa.

Asubuhi iliyofuata alimmiminia mjukuu wake kikombe cha maziwa kutoka kwenye kibuyu. Binti yangu alikipokea kwa mikono miwili, kama nilivyomfunza, akayatazama, lakini hakunywa.

"Koko," akamwambia nyanya yake, "hii maziwa imepanda?"

"Ipande wapi, nakerai, mtoto wangu?"

"Juu, kwa sufuria. Mara mbili."

Mama mkwe akanitazama. Nilihisi uso unawaka, maana mtu yeyote angedhani nimemtuma mtoto. Lakini binti yangu hakuwa na kiburi hata kidogo. Alikuwa amesimama tu, amekishika kikombe vizuri kisimwagike.

"Si uchemshe, Koko? Nitangoja. Na wewe ungoje na mimi, ndio usigonjeke tena."

Mama mkwe akachukua kikombe kutoka mikononi mwa mtoto, akayamwaga maziwa kwenye sufuria na kuchochea moto. Waliketi wawili, bega kwa bega, wakiyatazama. Yalipopanda aliepua, yakashuka, akayarudisha. Yalipopanda tena mtoto akapiga makofi. Wakanywa pamoja. Mimi nilitoka nje nikajifanya ninaanika nguo, kwa sababu sikutaka wanione nilivyokuwa ninatabasamu.

Kazi haikuishia hapo. Mama mkwe alikunywa maziwa ya moto siku ile kwa ajili ya mtoto, lakini kila alipopita karibu na kile kibuyu, ambacho sasa kilikaa kitupu, niliona anavyokitazama. Nikakusanya ujasiri nikamwita mama kwa lugha yake: "Yeyo, tuyachemshe, yapoe, ndiyo tuyaweke kwa kibuyu." Alisema hayataganda, na alisema kweli. Mara ya kwanza yalikaa mle mpaka yakaanza kunuka vibaya, tukawapa mbwa. Hakunicheka. Aliosha kibuyu akakiinamisha kwenye jua.

Nikakumbuka mwanamke anayeuza mala, yaani maziwa ya mgando, karibu na kibanda changu, ambaye aliwahi kunieleza kwamba maziwa yaliyochemshwa yanahitaji kuongezewa mala kidogo ndiyo yagande. Nikaenda Kajiado mjini, nikanunua pakiti moja dukani. Tulichemsha tena, tukaacha yapoe mpaka kidole kikavumilia, nikakoroga mala kiasi cha vijiko vichache. Kufukiza kibuyu sikukugusa, hiyo ilikuwa kazi yake. Alisugua ndani kwa kijinga chenye moto, akakung'uta majivu, akamimina, akafunika.

Yalipokuwa tayari alikitikisa kibuyu, akajitilia kidogo kwenye kiganja, akalamba. Akajitilia tena.

"Hii ni maziwa," akasema.

Sijawahi kusifiwa kwa namna iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Dawa nazo alizimaliza. Kuna wakati alijisikia nafuu akataka kuziacha, kwa sababu zilimchafua tumbo, lakini kila asubuhi mjukuu wake alimpelekea maji ya kumezea akasimama hapo mpaka zimezwe. Nguvu zikamrudia. Wakati wa mvua fupi alikuwa tayari anatembea mwenyewe hadi barabarani.

Mwezi wa Desemba wanawake wa kanisa lake walikuja kumwona na kumshukuru Mungu pamoja naye. Alitangaza kwamba hakuna atakayekula kabla ya kunawa, kisha akamwita binti yangu. Nilimtazama akipita mbele ya wale mama wenye shanga shingoni, birika mkononi, kipande cha sabuni kwenye kisahani, mimi nikimfuata na karai. Walimwinamishia mikono mmoja mmoja, naye aliwangoja wasugue hata katikati ya vidole.

Mama mkwe akamimina maziwa kutoka kwenye kibuyu, akasema kwa Kimaa maneno ambayo niliyaelewa yote, kwa kuwa aliyasema polepole ili niyaelewe. Aliwaambia yamechemshwa, na kwamba mke wa mwanawe na mjukuu wake ndio waliomwonyesha.

Mama mmoja, mkubwa kuliko wote, alinigeukia akataka kujua yanagandaje. Nikamweleza kwa Kimaa changu kibovu. Wakacheka, wakanisahihisha neno la kupoza, nikalirudia, wakacheka tena. Kisha wakanisikiliza hadi mwisho, na yule mama akanyoosha kikombe chake aongezwe.